Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Historia ya Somo la Chakula Ludewa na Njombe

Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulipotoa matokeo yake, mkoa ulioongoza kwa udumavu nchini haukuwa wa ukame wala wa wafugaji wanaohamahama. Ulikuwa Njombe. Asilimia 53.6 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wafupi mno kwa umri wao, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 31.8. Miaka minne baadaye, utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 50.4, nyuma ya jirani yake Iringa iliyofikia 56.9.

Takwimu hizo ziliwachoma wengi kwa sababu Njombe hailali njaa. Hapa ndipo yanapotoka mahindi, viazi mviringo, maharage, maziwa, chai ya Lupembe na Luponde, na siku hizi parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Makambako, mji uliokulia kwenye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, penye pia stesheni ya TAZARA, hupitisha malori ya chakula usiku na mchana. Mkoa unaoshibisha miji ya wenzake unalea watoto ambao nusu yao hawakui inavyopasa.

Ludewa, wilaya ya kusini kabisa ya mkoa huo, ina sura mbili. Juu, kwenye baridi ya Mlangali, Milo na Lugarawa, watu hulima mahindi, maharage na viazi. Chini, Milima ya Livingstone inapoangukia Ziwa Nyasa, wakazi wa Manda na Lupingu wanaishi kwa muhogo, mpunga na samaki. Kwa jicho la ramani, chakula cha kila aina kimo ndani ya wilaya moja. Kwa jicho la mpishi mambo ni tofauti: samaki wa ziwani wana mlima mrefu wa kupanda kabla ya kufika kwenye sufuria ya Mlangali, na maharage ya Mlangali yana mteremko uleule wa kushuka.

Watu wengi wanaosikia habari za udumavu hudhani kwamba somo la kula vizuri ndiyo kwanza linaletwa huku. Si kweli. Somo hilo liliwahi kufundishwa katika nyanda hizi kwa mafanikio yaliyotambuliwa na dunia nzima. Kisa chake kinafaa kusimuliwa tangu mwanzo.

Kutoka ulezi hadi sembe

Kabla mahindi hayajatawala, ulezi ulikuwa nafaka kubwa katika sehemu nyingi za Ubena na Upangwa, yaani Njombe na Ludewa za leo. Ulisagwa kwenye jiwe, ukapikwa ugali au uji, na uliooteshwa ukawa kimea cha kutengenezea pombe. Nafaka hiyo ndogo ina madini ya kalsiamu kuliko karibu nafaka nyingine zote, na kwa kuwa husagwa nzima, mlaji hupata kila kilichomo. Pembeni yake palikuwa na kunde, maboga, mboga za majani zilizochumwa porini na shambani, na nyama ya mawindo.

Mlo huo ulipigwa dhoruba zaidi ya moja. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwafikia Wabena na Wapangwa, na jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi, likitumia njaa kama silaha. Baadaye, chini ya Waingereza, Njombe ikageuzwa kuwa hazina ya vibarua. Wanaume walisafiri kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 wamiliki wa mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Kule kambini kibarua alipimiwa posho: unga wa mahindi na maharage. Nyumbani, mkewe alibaki na jembe, kuni, maji na watoto, peke yake. Mgawanyo huo wa kazi tutakutana nao tena mbele.

Baada ya uhuru mahindi yakawa zao la siasa. Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilileta mbegu bora, mbolea ya ruzuku na bei moja ya mahindi nchi nzima. Bei hiyo ilimfaa hasa mkulima wa mbali, kwa kuwa gharama ya kusafirisha gunia lake ilibebwa na umma. Iringa, ambayo wakati huo ilizijumuisha Njombe, Makete na Ludewa, ikaingia katika mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma.

Mahindi hayo yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ambalo liliyakoboa na kuyauza mijini kama sembe. Sembe ilikuwa nyeupe na laini, ilikaa muda mrefu bila kuharibika, na hadi 1984 bei yake ilipunguzwa kwa ruzuku. Polepole ikawa chakula cha heshima. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ukaonekana chakula cha shuleni, cha jeshini na cha mtu asiye na hela. Mashine za kukoboa zilipofika vijijini, nazo zikaeneza heshima hiyohiyo. Anayekoboa huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo huondoka mafuta, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki, na nyuzinyuzi. Pumba hupewa nguruwe na kuku, na mtoto hubakiwa na wanga.

Redio na kundi chini ya mti

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeacha vilabu vya wanawake, ambako mabibi maendeleo walifundisha kushona, kufuma na kuoka. Yapo mambo mema yaliyotoka humo, lakini keki huhitaji ngano, sukari na mayai, na mama wa Upangwa hakuwa amekosa keki. Taifa jipya lilihitaji namna nyingine ya kufundisha.

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Bunge lilipitisha sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, TFNC, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Daktari Tumsifu Maletnlema. Na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kikundi hukusanyika, husikiliza kipindi cha Radio Tanzania, husoma sehemu ya kijitabu, hujadili, kisha huamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kote nchini kwa njia hiyo.

Mwaka 1975 utaratibu huohuo ulitumika kwa chakula, katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ulikuwa mgumu. Ukame wa 1973 hadi 1975 na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeyumbisha mavuno, na mijini watu walikula mahindi ya njano kutoka Marekani, wakayaita unga wa Yanga kwa rangi yake. Chakula ni Uhai iliwaambia wananchi walime mchanganyiko wa mazao, wale vyakula vya makundi mbalimbali, na wawakumbuke wajawazito na watoto. Ilifundisha wengi, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: choo kilichochimbwa huonekana, mtoto aliyekua vizuri haonekani mpaka apimwe. Kikundi kilichosikiliza redio hakikuwa na kipimo cha kujua kama somo limeingia.

Mizani kijijini

Kipimo hicho kilikuja miaka ya 1980. WHO na UNICEF walianzisha mpango wa pamoja wa kusaidia lishe, JNSP, uliogharimiwa na serikali ya Italia katika nchi kadhaa. Tanzania ilichagua Mkoa wa Iringa, na kazi ilianza 1983 katika tarafa saba zenye vijiji 168 na watu wapatao 250,000.

Palikuwa na sababu ya kuchagua mkoa wenye mahindi mengi. Kama utapiamlo ungekuwa ukosefu wa chakula tu, usingekuwa Iringa. Lakini walipopimwa watoto wa vijiji hivyo, zaidi ya nusu walikuwa na uzito pungufu, na zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na upungufu mkali. Wazazi wengi hawakuliona tatizo, kwa kuwa mtoto mdogo kuliko umri wake alifanana na watoto wa jirani. Filamu kuhusu njaa iliyojificha ilizungushwa vijijini ili watu waone kwa macho kile walichokizoea.

Kilichoutofautisha mpango huo na mahubiri ya kawaida ya lishe ni nani aliyeshika mizani. Kila kijiji kilichagua wahudumu wa afya wawili, mwanamke na mwanamume. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakaandikwa kwenye kadi yenye rangi tatu: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa anayelegalega, nyekundu kwa aliye hatarini. Kisha hesabu ilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, palepale walipojadili mbolea na ujenzi wa shule. Mwenyekiti aliulizwa kwa nini wekundu wameongezeka. Kutoka kijijini takwimu zilipanda kwenye kata, tarafa, wilaya na mkoa.

Wataalamu waliupa mzunguko huo hatua tatu: kuchunguza hali, kuchambua sababu na kuchukua hatua, halafu kuanza upya. Katika hatua ya kuchambua, vijiji vilijigundulia mambo ambayo kijitabu hakikuyasema. Mtoto mdogo alikuwa akila mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa sababu mama alikuwa shambani mchana kutwa. Uji wake ulikuwa mwepesi ili unyweke, na tumbo dogo likijazwa maji halibaki na nafasi ya chakula. Hapo ndipo ile kazi aliyoachiwa mke wa kibarua wa mkonge ilipojitokeza kwenye hesabu za uzito. Mama hakuwa mjinga wa mapishi. Alikuwa hana muda.

Kwa hiyo hatua zilizochukuliwa zilianzia kwenye muda wa mama. Vijiji vilifungua vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, vikachangia unga, maharage na karanga kutoka mashambani mwao. Wanaume waliitwa kwenye mikutano ya lishe kwa sababu wao ndio waliokuwa na sauti juu ya fedha ya mauzo. Mapishi nayo yalifundishwa kwa vitu vilivyokuwapo: kuongeza karanga iliyotwangwa kwenye uji, kuponda maharage yaliyoiva, kuchanganya mboga za majani na mafuta kidogo.

Ubunifu uliopendeza kuliko wote ulitoka kwenye chungu cha pombe. Wanawake wa nyanda hizi walijua tangu zamani kuotesha ulezi, kuuanika na kuusaga kuwa kimea. Watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walionesha mwaka 1983 kwamba kijiko cha unga wa nafaka iliyooteshwa kikitiwa kwenye uji mzito, uji huo hulainika bila kuongezwa maji, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea huvunja wanga. Mtoto hunywa kwa urahisi na kila kijiko hubeba nguvu zaidi. Maarifa ya mama yakamrudia mtoto, bila kopo wala pakiti ya kununua. Hata hivyo kuotesha, kuanika na kusaga ni kazi nyingine juu ya kazi, na hilo nalo lilijadiliwa kwenye mikutano.

Matokeo yaliwashangaza hata waliouanzisha mpango. Kati ya 1984 na 1988, katika vijiji 168 vya mwanzo, utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na kiwango cha jumla cha uzito pungufu kutoka asilimia 56 hadi 38. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa miaka ya uhaba, foleni za sukari na sabuni, na kushuka kwa thamani ya shilingi. Mkoa haukutajirika, lakini watoto walinenepa. Kuanzia 1987 mpango ulipelekwa kwenye vijiji vingine vya mkoa, na baadaye mfano wake ukaenezwa katika mikoa mingine kwa programu ya uhai, ulinzi na maendeleo ya mtoto. Urban Jonsson, Björn Ljungqvist na Olivia Yambi waliandika habari zake kwa wasomaji wa nje, na mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990, unaotumika hadi leo ulimwenguni, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa Tanzania.

Rovu: pale ambapo upishi hautoshi

Haki ielezwe pia kwa upande wa kiwanda. Milima ya kusini ilikuwa na ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa vizazi vingi, kwa sababu mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo na mazao hukua bila madini hayo. Daktari Michael Latham, mzaliwa wa Kilosa aliyeongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya, aliuandika ugonjwa huo Ukinga, upande wa Makete, miaka ya 1960. Hakuna mapishi ya mboga za kwetu ambayo yangeuponya. Kilichosaidia ni vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyotolewa kuanzia 1986 katika wilaya zilizoathirika, kisha sheria ya miaka ya 1990 ya kutia madini joto kwenye chumvi. Chumvi ya pakiti ni chakula kilichopita kiwandani, na imewaokoa watoto wengi na ulemavu wa akili. Swali la kuuliza juu ya kila pakiti ni je, imeongeza nini na imeondoa nini? Chumvi yenye madini joto imeongeza. Sembe isiyorutubishwa imeondoa.

Mizani ilipoondoka

Miaka ya 1990 kasi ilififia. Fedha za wafadhili zilihamia kwingine, huduma za afya zikaanza kuchangiwa, na wahudumu wa kijiji waliokuwa wakifanya kazi kwa posho ndogo au bila malipo wakachoka. Kupima uzito kulirudi zahanati, kati ya mama na muuguzi. Halmashauri ya kijiji haikuulizwa tena juu ya kadi nyekundu.

Kisha ukaja UKIMWI. Njombe, iliyotangazwa kuwa mkoa kamili mwaka 2012, imekuwa ikiongoza au kukaribia kuongoza kwa maambukizi nchini: asilimia 14.8 ya watu wazima katika utafiti wa 2011–12. Vifo vya wazazi viliwaachia bibi na babu watoto wa kulea, na vikakata mnyororo wa mama kumwonesha binti namna ya kumpikia mtoto.

Wakati huohuo duka la kijijini lilibadilika. Lami na bodaboda zilileta biskuti, soda, juisi za unga, pipi na tambi za pakiti hadi mahali ambapo samaki mbichi hafiki. Mama anayewahi shambani au kibarua cha chai humwachia mtoto hela ya biskuti, na biskuti humkatia hamu ya kula. Mayai, maziwa na parachichi vina mnunuzi mlangoni, navyo hubadilishwa kuwa fedha ambayo sehemu yake hurudi nyumbani ikiwa sukari na mafuta. Hapa ndipo udumavu na unene vinapokaa nyumba moja: nchini kote, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka asilimia 28 mwaka 2015–16 hadi 36 mwaka 2022.

Hata jina la lishe limeingia kwenye pakiti. Unga wa lishe wenye nafaka nne au tano, soya na karanga huuzwa kila soko, na akina mama huamini kwamba wingi wa aina ndio ubora. Maofisa lishe wamekuwa wakisema kinyume chake: nafaka moja na jamii ya kunde moja yatosha, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri hulizuia tumbo kumeng'enya protini. Mahindi, ulezi na muhogo vikirundikwa pamoja bado ni wanga.

Somo linalorudi

Desemba 2017 TAMISEMI ilisaini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Mwaka 2022 mkataba huo ulisainiwa upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Vijijini kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka: watoto hupimwa, na chakula hupikwa mbele ya wazazi kwa mazao ya palepale. Msomaji atakuwa ametambua kwamba huo ndio utaratibu wa 1983 uliorudi kwa jina jipya.

Hofu iliyopo ni kwamba siku hiyo igeuke maonesho ya mapishi ambayo hutazamwa na akina mama peke yao, wakapigiwa makofi, wakarudi kwenye shamba lilelile lisilo na mtu wa kubaki na mtoto. Historia ya nyanda hizi imekwisha kujibu hoja hiyo. Mapishi yalibadilika pale kijiji kilipopima, kikauliza sababu, na kikagawana kazi upya. Mapishi hayakubadilika pale mama alipohubiriwa.

Basi viongozi wa vijiji vya Ludewa, kuanzia Manda hadi Mlangali, wazisome hesabu za uzito na urefu wa watoto katika kila mkutano mkuu, kabla ya hesabu za mbolea. Wenye mashine wapewe virutubishi, na shule zipike dona. Akina baba wanaouza mahindi Makambako wabakize mayai na maharage ya nyumba kwanza, halafu wakae zamu kwenye kituo cha watoto mchana. Hayo yaliwahi kufanyika hapahapa, na mzani ulipanda.